Tawi Nililolaza Njia Panda

Deusi,

Huna adabu. Naanza na hilo kabla ya salamu, ulisome ukiwa bado una nguvu za kusimama. Nani alikuambia mama yako amestaafu? Mimi sikuajiriwa na mtu, siwezi kustaafishwa na mtu, tena mtoto niliyembeba mgongoni huku napalilia! Nimekusikia kwa masikio yangu haya. Dada yako Felista alikuwa jikoni anakaanga mayai, simu ameiweka mezani inapayuka, na mimi niko mlangoni na beseni la nguo. "Dada, mzuie huko huko. Shamba nimeshampa shemeji Kasiani alime msimu huu. Mama akirudi ataingia tena matopeni, akianguka lawama zote zangu." Ndivyo ulivyosema. Nilipokupigia mimi, ukasema mtandao mbaya, ukakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata.

Haya, sasa marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni. Hujambo? Mkeo Anjela hajambo? Kile kifua chake kimepona au bado unamletea kuni mbichi apulize mpaka machozi? Tumaini na Oswadi wanasoma, au wanashinda wanafuta pikipiki yako? Nyumba yangu ya shamba bado ina paa? Mimi nashukuru Mungu. Nakula, nalala, na goti linauma siku za baridi, na huku baridi haina siku yake. Mtoto wa Felista ameota meno na ananing'ata nayo. Kazi niliyoitiwa, ya kumlea, imekwisha. Sasa asubuhi anapelekwa mahali pa kulelea watoto, na mimi nabaki naangaliana na friji.

Nikupe habari yenyewe, usome taratibu, usiruke mistari kama unavyofanya na masomo ya kanisani.

Siku ile ulipomaliza kuropoka kwenye simu nilimwambia Felista, "Nikatie tiketi. Mvua zikianza nataka niwe nimeshafyeka." Akaacha mayai yanaungua. Akaanza: mama goti, mama umri, mama huko hakuna daktari wa mifupa. "Mama, hata ngazi za humu ndani unapanda umeshika ukuta."

Nikamwambia, "Ngazi si njia. Nani alilima ngazini?"

Akacheka, lakini hakunikubalia. Siku tatu tulisemeshana kwa kugongesha sufuria. Ya nne akaja na maneno yake. Huku Swansea, nchi ya Welisi (usiseme Uingereza, wenyewe wananuna), watu wana tabia ya kutembea bila kuwa na wanakokwenda. Wana njia yao ya miguu inayofuata ukingo wa bahari nchi nzima. Niliuliza inakwenda wapi. Mkwe wangu akasema haiendi mahali, inafuata bahari tu. Watu wazima hao. Basi Felista akasema, "Mama, ukitoka kwenye ghuba ya majabali matatu ukafika stendi ya mabasi mjini kwa miguu yako, bila gari, bila kushikwa mkono, nakukatia tiketi uwahi msimu. Ukishindwa unakaa na sisi, na habari za shamba tumezifunga. Mimi nitatembea na wewe nione mwenyewe."

"Ni mbali?"

"Kutwa nzima."

Nikampa mkono. Yeye amesahau. Kabla ya daraja letu la mtoni, enzi za kivuko, nilikuwa natoka Lupiro alfajiri na kapu la kambale wakavu kichwani, nafika Kivukoni jua halijawa kali, na nikivuka nauza Ifakara mpaka la mwisho. Wewe ulikuwa mgongoni. Hukulipa nauli.

Tukaenda Jumamosi. Mkwe alitushusha kwa gari asubuhi, akarudi kwa mtoto. Felista amevaa viatu vipya kama magogo mawili, begi mgongoni, maji, simu, dawa za kuchua. Mimi nimevaa raba zangu, vitenge viwili, na kikapu kichwani: wali, maharage, chupa ya chai.

"Mama, begi liko lingine la mgongoni."

"Mgongo ni wa mtoto," nikamwambia. "Twende."

Mwanzo ni mchanga, mweupe, unachosha. Kuna kijito kinaingia baharini na wamekipangia mawe ya kukanyaga. Felista akaruka jiwe hadi jiwe, mikono juu kama kuku anayetaka kuruka uzio. Mimi nikavua raba nikapita majini. Maji baridi hayo, Deusi! Yanauma mpaka kwenye jino. Lakini miguu ikaamka. Halafu mlima wa mchanga, halafu juu kabisa ni majani, bahari iko chini kulia kwako inapiga mawe. Farasi wanakula wenyewe na ng'ombe wanakula wenyewe. Nikauliza mchungaji yuko wapi. Felista akasema hakuna. Nikashangaa, maana kwetu hapo kesi ingekuwa imeshafika kwa mtendaji.

Njiani watu wote wanasalimia. Mjini hawa hawa wanakupita kama nguzo, lakini ukikutana nao kule juu wanakusalimu wao na mbwa wao. Wengi walitazama kikapu. Mzee mmoja alisimama akapiga makofi. Nikamwambia Felista, muulize amechekeshwa na nini. Akasema, "Hacheki mama, anakusifia." Nikampungia mkono. Sikushika kikapu, nikataka aone vizuri.

Nusu ya asubuhi Felista akaanza kuchechemea. Viatu vipya. Nikaona, nikaongeza mwendo. Nisamehe, mwanangu, lakini ule ulikuwa mtihani wangu, haukuwa wake. Mara simu yake ikaita, watu wa hospitali wanamtaka abadilishane zamu na mwenzake. Akakaa kwenye jiwe, akavua kiatu kimoja, anaongea huku anapepea kidole. Akanionyesha kwa mkono: tangulia, nakuja.

Nikashuka. Chini kuna pwani ya mawe ya duara, yametulia kama viazi sokoni. Pale kuna mto mdogo na miti, na njia inagawanyika. Moja inafuata mto kwenda ndani bondeni, pana, nzuri, inakuita. Nyingine inapanda tena kilimani kwenye miiba. Njia yao ina kibandiko cha bluu kwenye nguzo, kimechorwa kitu kama gamba la konokono, hata asiyejua kusoma anaelewa. Nguzo ya pale ilikuwa imemezwa na miiba. Akapita baba mmoja na mbwa, nikamwambia "Swansea?" Akanionyesha kilimani, akanionyesha bondeni akatikisa kichwa.

Unajua nilichofanya, au nawe umesahau? Nilivunja tawi lenye majani, nikalilaza kukata njia ya bondeni, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kama baba yenu alivyokuwa anafanya akitangulia shambani. Njia iliyolazwa tawi imefungwa, mwenzio hakupita huko, pita nyingine. Mlikuwa wadogo, miaka yote ile tunahamia dunguni, kibanda cha shambani, kulinda ndege, njia panda tatu mnazipita peke yenu na ndoo kichwani, na hamkupotea hata siku moja. Felista alikuwa anakimbia mbele akiliona tawi anapiga kelele, "Baba kapita huku!" Mama mmoja wa huku aliniona navunja tawi, akanitazama kama nimevunja mkono wa mtu. Nikamsalimia. Nikapanda zangu.

Pale juu nilitembea peke yangu, moyo mweupe. Njia ni nyembamba, imeshika ubavu wa mlima, upepo unakuvuta kitenge. Sikuwa na haraka. Nilijua Felista yuko nyuma, tawi litamleta.

Nikafika kwenye pwani nyingine, nikasema hawa ndio watu. Vibanda vya mbao vya kijani vimepangwa mstari mmoja, milango inatazama baharini, kila kibanda na mtu wake ameketi mlangoni. Madungu! Nikamfuata bibi mmoja aliyeketi na birika, nikamwuliza kwa mikono na kwa Kiingereza changu cha sokoni wanalinda ndege gani. Hakuelewa, akanipa biskuti. Baadaye Felista akaniambia hawalindi kitu, wanakodi vibanda wakae waangalie maji. Lakini ndege wapo, Deusi! Weupe, wakubwa kama bata, wezi kuliko kwelea. Nimefunua wali wangu tu, mmoja akashuka kwenye bega langu. Nikapiga ule ukelele wa dunguni, wa tumboni, na kitenge nikakizungusha. Ndege wote wakaruka, na watu wote wakageuka. Yule bibi wa birika akasimama akanipigia makofi. Akasogeza viti vyake nikae nile mlangoni pake.

Nilikula taratibu nikimsubiri Felista. Nikanywa chai. Nikaona wanapita watu tuliowapita asubuhi. Nikaona anapita yule baba na mbwa. Felista hayupo. Simu yangu mimi iko kwenye begi lake, nilikataa kuibeba, nalo nilikosea, usinirudie. Nikawaza, amerudi nyuma kwa sababu ya kiatu. Nikawaza, amekaa mahali ananichungulia aone kama nitaita gari. Nikawaza na mengine ambayo mama huwaza akitazama mawe yale chini. Lakini niliyemlea mimi hawezi kuanguka kwenye njia. Tulipatana stendi, basi stendi. Nikafunga kikapu nikaondoka.

Sasa hapa nakuambia wewe tu, na Felista usimwambie. Nilipoinuka goti lilikuwa limekufa. Nilienda hivyo hivyo, hatua za kuku, mpaka kwenye kona yenye gati, ambapo bahari inageuka na mji unaonekana mbali upande wa pili, mdogo kama sahani. Kuna kituo cha basi. Nikaketi kwenye benchi. Mabenchi ya huku yameandikwa majina ya marehemu. Mtu akifa, wanaweka benchi mahali alipopapenda, watu wakalie. Nilimpigia hodi mwenyewe kabla ya kukaa. Basi likaja. Dereva akafungua mlango, akanitazama, akasubiri. Mguu mmoja niliuweka kwenye ngazi yake. Ule mzima. Ndani kuna joto, kuna kiti. Nani angejua? Felista hayupo. Ningeshuka karibu na stendi, nikafuta jasho, basi.

Ningejua mimi. Na ningeingia shambani kwangu kwa uongo, nikamwondoa Kasiani kwa uongo, na siku nitakayoteleza kwenye jaruba la mpunga ungesema, "Si nilisema?" na ungekuwa na haki. Nikashusha mguu. Nikamwambia dereva, "Asante mwanangu, nenda." Akasema neno tamu, wanapenda kuita watu maneno matamu huku, akafunga mlango.

Nikavua kitenge kimoja nikakifunga gotini, nikakaza, kama tunavyofunga mzigo wa mpunga. Nikaenda.

Kutoka pale mpaka mjini ni tambarare, Deusi. Ungeipenda. Njia imenyooka kando ya bahari, na maji yalikuwa yameshuka, yameondoka kabisa, yameacha tope linameta mpaka upeo wa macho, ndege wanachokoa chokoa. Ni bonde letu kabisa mwezi wa sita maji yakirudi mtoni. Nilisimama. Nilinusa hata tope. Halafu nikasikia kengele nyuma, kring kring, baiskeli! Njia nzima ni ya baiskeli na miguu. Wazee, watoto, mama kampakia mtoto nyuma. Nilijisikia niko Ifakara, nimebakiza tu mtu aniite, "Mama Deusi, panda nikusogeze!" Hakuna aliyeniita, na ningekataa. Nilitembea mpaka kivuli changu kikawa kirefu kunizidi, nikauliza stendi kwa watu watatu, nikafika. Nikaweka kikapu chini. Nikaketi. Hakuna aliyejua nimetoka wapi, na sikujali.

Sijamaliza kupumua, basi likaingia, lile la kutoka vijijini. Nani anashuka? Mwamuzi wa mtihani. Viatu mkononi, soksi zimechanika, uso umevimba kwa kulia. Akaniona.

"Mama!"

"Karibu," nikamwambia. "Umekuja na basi?"

Akanikumbatia katikati ya watu, kisha akanisukuma, kisha akanikumbatia tena. Anagomba, analia. "Nimekutafuta! Nimeuliza kila mtu. Nilikuwa napiga simu polisi wa bahari! Nimefuata bonde lote lile mpaka kijijini, nikasema umedondoka mtoni!"

"Bondeni ulikwenda kufanya nini? Nililaza tawi."

Akaangalia miguu yake. Watu wanapita na mizigo, basi linanguruma, yeye amesimama bila viatu.

"Niliona tawi," akasema. Sauti ya kitoto. "Nililiona mama. Nililivuka. Nikasema upepo umeangusha."

Deusi, pale sikumcheka. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mwaka mzima, maneno nilikuwa nayo tayari. Nikamwona yule msichana wa "Baba kapita huku!", na nikaona ameshika viatu vya magogo, na machozi yake hayakuwa ya kidole. Akakaa chini, kwenye sakafu ya stendi, kichwa kwenye mapaja yangu, mtu mzima, muuguzi. Akasema, "Mama, nimesahau mpaka hilo." Nikamwambia, "Hukusahau. Hukuwa na wa kukukumbusha." Nikampa wali uliobaki. Akala kwa mkono.

Tiketi amekata Jumatatu. Hakusema tena neno la goti. Amesema mwakani, wakati wa mavuno, atakuja na mtoto, na mumewe akitaka. Nimemwambia mumewe aje, ila asije na mbwa kama wale wa njiani.

Sasa wewe. Najua hukusema yale kwa ubaya. Nakumbuka nilivyoanguka jarubani msimu ule, ukanitoa umenibeba begani, ukanikalisha kwenye baiskeli, ukaisukuma mpaka barabarani, na shingo yako inatetemeka. Nilikuona. Sijasahau. Nimekubali nusu: kupalilia nitapalilia asubuhi tu, na majaruba ya chini kule kwenye maji atalima Kasiani, kwa sababu ana watoto na anajua kazi. Ya juu ni yangu, mpaka nitakaposema mimi. Lakini mwanangu, ukiogopa jambo langu, niambie mimi. Usimwambie dada yako kwenye mayai.

Barua hii nimempa sista anayerudi Mahenge, ataishusha kwako akipita Ifakara. Mpe chakula, usimpe soda tu. Nisalimie dada yangu wa Lupiro, mwambie zile nguo nyeusi alizoagiza namletea. Msalimie mkweo mkubwa, babake Anjela, na katekista wetu, na yule mama wa vitumbua pale karibu na daraja, mwambie nimekula biskuti za Wazungu wote na hakuna inayomkaribia. Kasiani msalimie peke yake, kwa heshima, umweleze kabla ya kusikia kwa watu. Anjela nampa pole ya kifua na pole ya kuolewa na wewe.

Mimi mama yako, niliyefika kwa miguu.

Jambo la kufanya ni hili, na ulifanye Jumamosi hii hii, si mpaka nije. Pikipiki iache nyumbani. Chukua Tumaini na Oswadi, vukeni daraja kwa miguu mpaka shambani. Wewe tangulia, usiwaambie kitu. Ukifika njia panda ya kwanza, kata tawi, lilaze kwenye njia isiyo yetu, halafu kaa mbele uwasubiri. Wakilivuka usiwachape, kosa si lao. Warudishe wote pale pale kwenye tawi, waeleze babu yao alikuwa anafanya nini, na muanze upya.